Jicho Moja, Matabaka Matatu: Kiingereza Kinavyoyataja Macho

Mwanafunzi wa Afrika Mashariki hulijua neno "eye" mapema kabisa, siku zile zile anapofundishwa pua, mdomo na sikio. Miaka inapita, anamaliza sekondari, pengine na chuo, kisha siku moja anapewa kadi ya kliniki ya macho na kukuta ukurasa mzima usiolitaja neno hilo hata mara moja. Kuna "ophthalmologist", kuna "optometrist", kuna "visual acuity", kuna "cornea" na "retina", na chini kabisa jina la ugonjwa wenyewe: "presbyopia". Hapo huona haya, akidhani Kiingereza chake ni haba. Anaona haya bure. Dereva wa basi aliyezaliwa na kukulia Leeds, asiyejua lugha nyingine duniani, akipewa kadi hiyo hukwama pale pale.

Kinachowakwamisha wote wawili ni historia. Msamiati wa Kiingereza kuhusu macho una matabaka matatu yaliyolaliana. La chini ni la nyumbani, lenye asili ya lugha za kale za Kigermaniki. La kati ni la mahakamani, ofisini na shuleni, lililotoka katika Kilatini, sehemu kubwa kupitia Kifaransa. La juu ni la hospitali, na limejengwa kwa Kiyunani na Kilatini cha wanazuoni. Anayeyajua matabaka haya hukisia maana ya neno asilowahi kuliona. Asiyeyajua hubaki kukariri orodha. Tena kuna funzo hapa kwa Kiswahili chenyewe, ambacho kila siku kinatakiwa kuyapa majina mambo ya kitaalamu.

Tabaka la nyumbani

Waangli na Wasaksoni walianza kuhamia Uingereza kwa wingi katika karne ya 5, wakitoka pwani za Ujerumani na Denmark za leo. Jicho waliliita "ēage", na wingi wake ni "ēagan". Wingi huo wenye n mwishoni ulidumu karne nyingi katika umbo la "eyen", ndugu wa "oxen", kabla "eyes" haijashinda kabisa.

Tabia ya tabaka hili ni kuunganisha. Chukua "eye", bandika neno jingine la nyumbani, na maana inajieleza: "eyelid" ni kifuniko cha jicho, "eyebrow" ni nyusi, "eyeball" ni jicho kama tufe, "eyesight" ni uwezo wa kuona, "eyewitness" ni shahidi aliyeona mwenyewe. Hapa Kiingereza hutenganisha kitu ambacho Kiswahili huacha pamoja. Kope kwetu ni ngozi inayofunika jicho, na ni nywele zinazoota ukingoni mwake pia. Mwingereza huita ya kwanza "eyelid" na ya pili "eyelash". Lakini Kiswahili nacho kina utajiri wake. Tongo, ule uchafu unaoganda pembeni mwa jicho asubuhi, una jina moja linalojulikana na kila mtu. Kiingereza cha nyumbani hakina neno la wazi kama hilo. Wazazi huwaambia watoto kwamba ni "sleep", yaani usingizi wenyewe umebaki jichoni. Vivyo hivyo chongo: Mswahili ana neno moja, Mwingereza hulazimika kueleza kwamba mtu ni wa jicho moja.

Maneno mengine ya tabaka hili yameficha jicho ndani yake hata wenyewe wamesahau. "Window", dirisha, lilitoka kwa Waskandinavia waliotawala sehemu za Uingereza, na asili yake ni "vindauga", jicho la upepo. "Daisy", ua dogo jeupe lenye kitovu cha manjano, ni "jicho la siku", kwa sababu hufunguka asubuhi na kufumba jioni.

Kwa mwanafunzi, mtihani mkubwa wa tabaka hili ni vitenzi. "See", "look" na "watch" ndivyo vinavyowasumbua zaidi Waswahili, maana "kuangalia" kwetu kunabeba kazi nyingi. "See" ni kuona bila kukusudia: kitu kimeingia machoni. "Look" ni kuelekeza macho kwa makusudi. "Watch" ni kukaza macho kwa muda juu ya kitu kinachotembea au kinachobadilika, kama mpira, mtoto anayecheza, au chungu jikoni. Asili ya "watch" ni ile ile ya "wake", kuamka. Anaye-"watch" hapo zamani alikuwa mlinzi anayekesha. Mswahili hahitaji kufafanuliwa sana uhusiano huo, kwani naye husema mtu "yuko macho" akimaanisha hajalala, na humwambia mwenzake "kuwa macho" akimtahadharisha.

Baada ya hivyo vitatu kuna kundi kubwa la vitenzi vinavyoeleza namna ya kutazama. "Stare" na "gaze" vyote ni kutazama kwa muda mrefu, ila cha kwanza kina ufidhuli na cha pili kina mapenzi au mshangao. "Blink" ni kupepesa macho yote mawili bila kukusudia. "Wink" ni kufumba jicho moja kwa makusudi, kumpa mtu ishara. "Peep" ni kuchungulia. "Glance" ni kutupia jicho, "glimpse" ni kuona kwa kupitiwa tu, na "glare" ni kumtolea mtu macho ya hasira. Sikiliza mwanzo wa hayo matatu ya mwisho. Sauti "gl" imekusanya maneno mengi ya kuona na ya mwanga: "gleam", "glitter", "glow", "glisten". Mwanaisimu J. R. Firth aliupa mwelekeo wa namna hii jina katika mwaka 1930, na hadi leo walimu huutumia kuwasaidia wanafunzi kukumbuka.

Tofauti ya lugha hizi mbili iko hapa. Kiingereza hupenda kuificha namna ya kutazama ndani ya kitenzi chenyewe. Kiswahili mara nyingi hukiacha kitenzi kifanye kazi na macho yenyewe: kukodoa macho, kukaza macho, kutumbua macho, kufumba macho, kurembua macho. Anayetafsiri hadithi kutoka Kiingereza na kuandika "alitazama" kila mahali huwa amepoteza nusu ya mchezo, wakati lugha yake inayo zana zote.

Tofauti nyingine iko katika safari ya kitenzi cha kuona. Kwa Waingereza, kuona kumesafiri kuelekea akilini. Anayesema "I see" mara nyingi anamaanisha "nimeelewa". "Insight" ni ujuzi wa ndani. Kwa Waswahili kuona kumefika huko pia, ndiyo maana tuna maoni na tunasema "naona afadhali twende". Lakini kumesafiri na kwingine, kuelekea mwilini na moyoni: naona njaa, naona baridi, naona usingizi, naona haya, naona uchungu. Mswahili anayeanza kujifunza Kiingereza na kusema kwamba "anaiona" njaa kwa kutumia "see" huchekwa, ingawa kosa lake lina mantiki nzuri kabisa ndani ya lugha yake.

Tabaka la ofisini

Mwaka 1066 Wanormani kutoka Ufaransa waliiteka Uingereza, na kwa karne kadhaa Kifaransa kikawa lugha ya watawala na mahakama. Kilatini kilikuwa tayari lugha ya kanisa na ya elimu. Hapo ndipo lilipojengwa tabaka la pili, na limejaa macho kuliko linavyodhaniwa.

Mizizi miwili ya Kilatini imebeba mzigo mkubwa. Wa kwanza ni "videre", kuona. Kwake kumetoka "vision", "visible", "view", "evidence", yaani kinachoonekana wazi, na "provide", ambalo mwanzoni lilikuwa kutazama mbele na kujiandaa. "Visit" ni kwenda kumwona mtu, sawa na Mswahili anayekwenda hospitali "kumwona mgonjwa". "Interview" ni kuonana. Hata "visa" ya pasipoti maana yake ni karatasi iliyokwisha kuonwa na mkubwa. Mzizi wa pili ni "specere", kutazama. "Inspect" ni kutazama ndani. "Respect" ni kugeuka na kumtazama mtu tena, maana anastahili. "Suspect" ni kumtazama mtu kutoka chini, kwa kumshuku. "Despise" ni kumtazama kutoka juu, kwa kumdharau. Mwanafunzi akishaushika mzizi huo, maneno kumi huja kwa mkupuo mmoja.

Mengine yana visa vyake. "Auspicious", yenye heri, imeunganishwa na ndege na kutazama, kwa sababu makuhani wa Roma waliwaangalia ndege kabla ya kuamua jambo kubwa. Waswahili wa zamani nao walisema "ndege njema" na "ndege mbaya" kwa dalili za safari. "Envy", wivu, linatokana na "invidere", kumtazama mtu kwa jicho baya. Kiswahili hakikuhitaji kuazima hilo kwa yeyote: kijicho ni kijicho, na jicho la hasidi linajulikana Lamu kama linavyojulikana Napoli.

Jozi za maneno zinaonyesha vizuri jinsi matabaka yanavyokaa pamoja. Tazama wazo moja tu, la kuangalia kutoka juu. Katika tabaka la nyumbani ni "oversee", kazi ya nyapara shambani. Katika Kilatini ni "supervise", kazi ya meneja ofisini. Katika Kifaransa ni "survey", kazi ya mpima ardhi. Na katika Kiyunani ni "episkopos", mwangalizi, ambalo kwa Kiingereza limechakaa mpaka likawa "bishop". Neno hilo hilo la Kiyunani lilipita kwa Waarabu likawa "usquf", na Waswahili wakalipokea kama "askofu". Kwa hiyo bishop wa Canterbury na askofu wa Moshi wote wawili ni "watazamaji" kwa jina, ingawa mmoja jina lake lilipitia Roma na mwingine lilipitia Uarabuni.

Nadharia nayo ina hadithi kama hiyo. "Theory" ni Kiyunani, na asili yake ni kutazama, kama mtu aliyekaa kwenye onyesho. Kiarabu kilipotaka jina la jambo hilo kililitoa katika "nadhar", kutazama. Kiswahili kikapata nadharia. Mwanafunzi wa chuo kikuu anayelalamika kwamba nadharia ni jambo lisiloonekana anatumia, bila kujua, neno lililozaliwa na macho.

Tabaka la hospitali

Tabaka la tatu ndilo linalotisha, na ndilo linalostahili kuvuliwa joho. Maneno yake mengi ni ya kawaida kabisa, ila yamevaa lugha isiyo ya mgonjwa. Waganga wa Kiyunani, kisha Waarabu, kisha Walatini wa zama za kati, walipolipasua jicho hawakuwa na msamiati wa kisayansi. Walitazama walichokiona na kukifananisha na vitu vya nyumbani na sokoni.

"Cornea", ngozi angavu ya mbele ya jicho, ni Kilatini cha "yenye asili ya pembe", kwani pembe iliyokwanguliwa nyembamba hupitisha mwanga. "Retina", utando wa nyuma unaopokea picha, umetokana na neno la wavu; Wayunani waliufananisha na wavu wa kuvulia, madaktari Waarabu wakaufuata mfano huo, nao wafasiri wa Kilatini wakaurithi. "Iris", duara lenye rangi, ni upinde wa mvua. "Uvea" imetokana na zabibu. "Lens" ni dengu, maana umbo lake ni lile lile: pana, duara, limevimba pande mbili. Walioyabuni majina haya waliongea kama wavuvi na wauza nafaka. Sisi tunayasoma kama amri kutoka mbinguni.

La kufurahisha kuliko yote ni "pupil", mboni. Kwa Kilatini "pupilla" ni mwanasesere au binti mdogo. Wayunani waliiita "kore", msichana. Waebrania waliiita "ishon", na wengi huifasiri kuwa mtu mdogo. Waarabu nao wana "insan al-ayn", mtu wa jicho. Mataifa haya yote yalikuwa yameona jambo moja: ukimkaribia mtu na kumtazama machoni, unaona sura yako ndogo ndani ya mboni yake. Wale wanaosoma "pupil" kwa maana ya mwanafunzi hawajakosea njia. Neno hilo limetoka katika ukoo huo huo wa watoto.

Magonjwa nayo yana siri nyepesi. "Myopia", kutoona mbali, ni kufinya macho, jambo ambalo kila asiyeona mbali hulifanya ili asome ubao. "Glaucoma" limetokana na rangi ya kijivu ya bahari. "Trachoma" ni ukwaru, kwa ajili ya vijipele vya ndani ya kope. "Cataract" ni maporomoko ya maji: Waarabu waliamini kwamba ni maji yanayoshuka mbele ya mboni, na Walatini wakachukua picha hiyo. Na "presbyopia", ile inayomfanya mtu wa miaka arobaini na kitu aanze kulisogeza gazeti mbali ili asome, ni macho ya mzee, basi. "Presbys" ni mzee, na ndiyo asili ya jina la Presbyterian, kanisa linaloongozwa na wazee. Mkenya anayesali PCEA, yaani Kanisa la Presbyterian la Afrika Mashariki, amekuwa akilitamka neno hilo kila Jumapili.

Majina ya wataalamu watatu pia huchanganya, ilhali kazi zao hazifanani. "Ophthalmologist" ni daktari bingwa wa macho. Yeye hutibu na kupasua. "Optometrist" ni mtaalamu wa kupima macho, anayejua tatizo liko wapi na kuandika namba ya miwani. "Optician" ni anayetengeneza na kuuza miwani. Huko Uingereza watu mitaani humwita yeyote aliye dukani "optician", hata kama aliyewapima ni "optometrist". Aliyeandikiwa kwenda kwa wa kwanza akaishia kwa wa tatu anaweza kupata miwani mizuri sana kwa ugonjwa usiotibika kwa miwani.

Waingereza na Wamarekani

Msomaji asidhani kwamba hawa wawili wanakubaliana. Asiyeona mbali huitwa "short-sighted" London na "near-sighted" Chicago. Kwa Mwingereza, "squint" ikiwa nomino ni makengeza. Kwa Mmarekani ni kukunja macho kwa sababu ya jua, na makengeza huitwa "crossed eyes" au, hospitalini, "strabismus". Barua ya daktari ikivuka bahari inaweza kumpa mtoto ugonjwa asiokuwa nao.

Hata namba zinatofautiana. Mwaka 1862 daktari Mholanzi Herman Snellen wa Utrecht alichapisha ubao wa herufi zinazopungua ukubwa mstari kwa mstari, ambao bado umetundikwa katika kliniki duniani kote. Wamarekani hupima kwa futi 20, Waingereza kwa mita 6, ambazo ni karibu sawa. Hospitali zetu hufuata mita. Katika 6/60, namba ya juu ni umbali aliokaa mgonjwa na ya chini ni umbali ambao jicho la kawaida lingeweza kuisoma herufi hiyo. Yaani anaona kwa mita 6 kile ambacho mwenzake angekiona akiwa mita 60. Waingereza na Wamarekani wote wamezoea kusema "20/20" kwa maana ya uoni usio na kasoro hata kidogo. Ukweli ni kwamba 20/20, au 6/6, ni uoni wa kawaida tu. Vijana wengi wenye macho mazuri huipita.

Misemo: usifasiri neno kwa neno

Misemo ya macho ni mingi, na ndipo wafasiri wa magazeti huteleza zaidi. "Turn a blind eye" huhusishwa na Nelson, jemadari wa majini aliyepoteza uwezo wa kuona wa jicho la kulia vitani Corsica mwaka 1794. Mwaka 1801, katika vita vya Copenhagen, mkubwa wake alipandisha ishara ya kurudi nyuma. Husimuliwa kwamba Nelson aliweka darubini kwenye jicho bovu, akasema haioni ishara, akaendelea kupigana. Kiswahili hakina haja ya kugeuza "jicho pofu" lolote: tuna kufumbia macho, na linatosha. "See eye to eye", kukubaliana, si kuonana jicho kwa jicho. "Eyesore" si kidonda cha jicho bali ni jengo au kitu kinachochukiza kukitazama. "Eyewash" ni dawa ya kusafishia macho, na pia ni maneno matupu ya kudanganyia watu.

Yako machache yanayokutana kikweli. "Apple of my eye" asili yake ni mboni, ambayo Waingereza wa kale waliidhani kuwa tufe gumu kama tofaa. Nasi humwita mtu mpendwa mboni ya jicho, na Biblia ya Kiswahili hutumia mboni pale ya Kiingereza inapotumia tofaa. Mtu "far-sighted" husifiwa kwa busara kama tunavyomsifu anayeona mbali. Kanuni ya mfasiri ni rahisi: kwanza tafuta msemo wa Kiswahili wenye kazi hiyo hiyo, ukikosa eleza maana, na kugeuza neno kwa neno kuwe njia ya mwisho kabisa.

Kuwataja wasioona

Kuna sehemu ya msamiati huu ambayo si ya kamusi tu, ni ya utu. "Blind" ni neno la kale la tabaka la nyumbani, na Waingereza wamelitumia pia kwa ujinga, uzembe na ubaguzi. Katika miongo ya karibuni kumekuja "visually impaired" na "partially sighted", yakitoka kwa sehemu kubwa tabaka la ofisini, kwa ajili ya wale wanaoona kidogo na wale wasiopenda neno la zamani. Wengine wasioona, hata hivyo, hulishika "blind" kwa fahari na huyaona hayo mapya kuwa ni kuzungukazunguka.

Shirika kubwa la wasioona Uingereza, lililoanzishwa mwaka 1868, linaonyesha mabadiliko hayo kwa kiungo kimoja cha sarufi. Kwa muda mrefu jina lake lilisema ni taasisi "for the Blind", kwa ajili yao. Mwaka 2002 likawa "of the Blind", yao wenyewe. Mwaka 2007 likawa "of Blind People", ya watu wasioona. Neno "watu" likaingia. Kiswahili kimepita njia inayofanana. Kipofu bado ni neno halali na liko katika vitabu vya dini na hadithi, lakini wenyewe wamejichagulia jina la wasioona, na Chama cha Wasioona Tanzania kinalibeba katika jina lake. Adabu inadai kuwaita watu kama wanavyojiita.

Kiswahili kifanye nini

Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2019 kuhusu uoni, lilikadiria kwamba watu wasiopungua bilioni 2.2 wana tatizo la kuona, na kwamba kwa angalau bilioni 1 kati yao tatizo lingeweza kuzuiwa au bado halijashughulikiwa. Wengi wanahitaji miwani tu au upasuaji mfupi. Katika hali hiyo jina la ugonjwa si pambo. Mgonjwa asiyeelewa alichoambiwa harudi kliniki.

Kiswahili kina uzoefu wa kutosha wa kutaja mambo ya macho. Darubini ililetwa na Kiajemi, na imejengwa kwa "mbali" na "kuona", sawasawa na "telescope" ya Kiyunani. Kando yake ikazuka hadubini kwa ajili ya vitu vidogo. Kwa maandishi ya wasioona, Waingereza walichukua jina la Mfaransa Louis Braille na kuliacha lilivyo. Waswahili tuna nukta nundu, ambalo humwonyesha hata asiyewahi kuyagusa jinsi yalivyo. Vikope, kwa "trachoma", humwelekeza mgonjwa mahali penye tatizo, jambo ambalo Kiyunani hakimfanyii. Mtoto wa jicho, kwa "cataract", linajulikana kuanzia mjini hadi kijijini. Na ugonjwa wa macho mekundu ulipoenea Tanzania na pwani ya Kenya mwanzoni mwa 2024, wengi waliuita "red eyes" kwa Kiingereza, ilhali Kiswahili chake kilikuwa hapo hapo, kifupi na wazi zaidi kuliko "conjunctivitis".

Hata hivyo neno la nyumbani halina kinga ya makosa. Presha ya macho, kwa "glaucoma", imewafikia watu wengi kuliko jina la kitaalamu, lakini humfanya mgonjwa aichanganye na presha ya damu, akameza vidonge vya jirani na kuacha matone yake. Tena ugonjwa huo unaweza kumpata hata mtu ambaye shinikizo la jicho lake liko kawaida, na uoni uliokwisha kupotea kwa ugonjwa huu haurudi. Hapo daktari anapaswa kuongeza sentensi moja ya maelezo, na kamusi inapaswa kutoa jina lisilopotosha.

Hukumu ya uchambuzi huu ni kwamba matabaka ya Kiingereza yalitokana na ajali za historia: uvamizi, dini na wafasiri. Hayakupangwa na yeyote ili yafae wagonjwa, na kwa Mwingereza wa kawaida hayafai hadi leo. Hatuna sababu ya kuyanakili pamoja na hasara zake. Mwalimu wa Kiingereza afundishe mizizi mitano sita badala ya orodha ya maneno mia. Mwanafunzi wa udaktari ajifunze Kiyunani chake, maana ndiyo lugha ya istilahi za fani yake duniani. Lakini akishamaliza kuandika kadi, amgeukie mgonjwa na kumwambia kwa Kiswahili: ni macho ya uzeeni, si ugonjwa wa kuogopa, miwani ya kusomea itatosha.